Suti, Gauni na Stara: Nani Anayebaki Nje ya Mlango wa Kanisa?

Wahenga walinena kuwa nguo ya kuazima haisitiri matako. Aghalabu methali hii huchukuliwa kuwa onyo kwa mtu anayejitwika makuu asiyo nayo. Hata hivyo, inafaa pia kuelekezwa kwa jamii inayomlazimisha mtu kuazima. Msimu wa harusi unapowadia, hasa mwezi wa Agosti na wa Disemba, si ajabu kumwona bwana harusi aliyevalia suti ya kukodi, akiwa ubavuni pa bi harusi aliyevalia gauni litakalorudishwa dukani Jumatatu, ilhali ndugu yao mmoja amebaki nyumbani kwa kuwa hakupata pesa za sare. Jumapili inayofuata, huyo huyo ndugu huenda asionekane kanisani pia. Akiulizwa, hujibu kwa maneno machache: hana nguo ya kanisani.

Swali la jinsi ya kuvaa kanisani na harusini huzungumzwa kana kwamba ni swali la ladha tu. Wazee huwalaumu vijana kwa jinzi zilizoraruliwa magotini, nao vijana huwacheka wazee kwa tai na makoti ya jua kali. Makala haya yanadai kuwa pande zote mbili zimelikosa jambo lenyewe. Vazi la ibada na la harusi linapaswa kuwa rasmi, lakini kwa kiwango ambacho aliye maskini kuliko wote katika ushirika huo anaweza kukifikia bila kukopa. Kiwango kinachopita hapo si heshima tena, bali ni kizingiti.

Kiswahili kina maneno matatu ambayo mjadala huu huyavuruga. La kwanza ni stara, yaani kuufunika mwili na kuuhifadhi utu wa mwenye mwili huo. La pili ni unadhifu: nguo iwe imefuliwa, imepigwa pasi, na palipochanika pametiwa uzi. La tatu ni ufahari, ambapo nguo hutangaza kipato na cheo cha aliyeivaa. Stara na unadhifu hupatikana kwa karai la maji, kipande cha sabuni, sindano na uzi. Ufahari hauna kikomo; anayeukimbilia leo huachwa nyuma kesho. Tatizo ni kwamba neno “rasmi” limekuwa mwavuli unaoyafunika yote matatu. Kadi ya mwaliko inapoandikwa “mavazi rasmi”, mwalikwa haelewi kuwa anaombwa stara na unadhifu. Anaelewa kuwa anatakiwa suti, tai, kitambaa kipya na viatu vya kisigino kirefu.

Mchanganyiko huu si mpya katika utamaduni wa Waswahili. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa katika karne ya 19, unausia usafi na mapambo kwa pamoja, kana kwamba ni kitu kimoja. Hata hivyo, ule ulikuwa wosia wa mama kwa bintiye, ndani ya nyumba ya wenye uwezo. Haukuwa sharti lililobandikwa mlangoni kwa kila apitaye.

Wapo wanaoamini kuwa suti na gauni jeupe ni sehemu ya imani yenyewe, na kwamba kuvigusa ni kuigusa Injili. Historia haiwaungi mkono. Gauni jeupe la harusi lilipata umaarufu baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kulivaa mwaka 1840. Kabla ya hapo, bi harusi wengi wa Ulaya walivaa nguo yao nzuri kuliko zote, ya rangi yoyote. Mmishenari Johann Ludwig Krapf alitua Mombasa mwaka 1844, na kituo cha Rabai kikaanzishwa mwaka 1846. Kwa hivyo, kile kinachoitwa mila kongwe ya Kikristo kilikuwa na umri wa miaka 4 tu Krapf alipofika. Katika vituo vingi vya misheni, kubadili dini kulienda sambamba na kubadili nguo. Ngozi na shuka vikawekwa kando, shati, kaptura na gauni vikashika nafasi. Tangu hapo mavazi yakawa cheti cha ustaarabu, na asiye na cheti hicho akaonekana bado yuko gizani.

Kanisa lenyewe limekuwa likiyabadilisha masharti yake ya mavazi. Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1917 ziliwataka wanawake wafunike vichwa kanisani. Sheria mpya za mwaka 1983 hazikulirudia sharti hilo. Hapa nchini, waumini wa Akorino wanajulikana kwa vilemba na kanzu nyeupe, nao wafuasi wa Legio Maria, iliyojitenga na Kanisa Katoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960, huvaa kanzu za rangi mbalimbali. Mtu anaweza kukubaliana au kutokubaliana na mafundisho ya makanisa hayo, lakini kuna jambo moja ambalo haliwezi kupuuzwa: mama mboga na mwenye duka la jumla huketi pamoja wakiwa na kilemba cha namna moja vichwani. Uislamu nao una mfano ulio wazi zaidi. Mwanamume anayehiji Makka huvaa ihramu, vipande viwili vya kitambaa visivyoshonwa, na mfalme hana kipande cha tatu. Haya ni mavazi rasmi kupita kiasi, na bado hayamtengi mtu kwa umaskini wake.

Wanaotetea ufahari kanisani hupenda kutaja mfano wa harusi ulio katika Injili ya Mathayo, sura ya 22, ambamo mgeni aliyekosa vazi la harusi alitupwa nje. Wafasiri wengi hulichukua vazi hilo kuwa taswira ya maisha na matendo ya mtu, si kitambaa. Isitoshe, wageni wa karamu hiyo walikuwa wameokotwa njiani, wema kwa wabaya. Mwenye karamu anayewaita watu kutoka njia panda hawezi kutarajia kuwa wote wamepitia dukani kwanza. Wenye hoja hii husahau pia Waraka wa Yakobo, sura ya 2, unaosimulia juu ya tajiri mwenye pete ya dhahabu na mavazi mazuri anayepewa kiti cha mbele, huku maskini mwenye nguo mbovu akiambiwa asimame au aketi chini. Mwandishi wa waraka huo hakumtuma maskini akabadili nguo. Aliwakemea waliokuwa wakipanga viti.

Haifai, hata hivyo, kuwabeza wanaosisitiza nadhifa na adabu. Hoja yao ina uzito. Mtu anayefua shati lake Ijumaa na kulipiga pasi Jumamosi usiku ameanza ibada kabla kengele haijalia. Katika vijiji vingi kuna nyanya anayeihifadhi nguo moja sandukuni, imekunjwa vizuri, nayo haiendi shambani wala sokoni. Huyo hatafuti ufahari. Anaitenga siku moja na nyingine sita, na nguo ndiyo lugha anayoitumia kulisema hilo. Anayetaka kufuta urasmi wote kwa kisingizio cha usawa atakuwa amemnyang'anya nyanya huyo lugha yake. Heshima si utumwa.

Lakini wanaodai kuwa dawa ni kulegeza mavazi nao wachunguzwe. Katika baadhi ya makanisa mapya ya mijini, mhubiri hupanda jukwaani kwa jinzi na raba, na waumini huambiwa waje walivyo. Wito huo ni mzuri masikioni. Ukweli ni kwamba raba hizo zina majina, na jinzi hizo zina bei. Koti la mtumba lililochaguliwa kwa makini Gikomba au Kongowea huenda likawa rahisi kuliko viatu vya kijana anayejigamba kuwa hakujipamba. Kijana wa mtaa wa mabanda anayeingia humo kwa suruali yake ya kitambaa, iliyopigwa pasi kwa makaa, atajihisi mgeni vile vile. Kwa hivyo ushindani si baina ya suti na jinzi. Ufahari unaweza kuvaa chochote.

Ni katika harusi ambapo gharama ya kosa hili huonekana waziwazi. Kamati ya harusi huundwa, michango hukusanywa, na sehemu kubwa ya fedha huishia katika gauni, suti, nguo za wasimamizi na za watoto wa maua, pamoja na sare za jamaa za pande mbili. Sare hizo hushonwa kwa siku moja, na rangi yake huchaguliwa kwa namna ambayo ya harusi iliyopita haifai kwa hii. Wapenzi wasioweza kuyamudu hayo huishi pamoja kwa miaka mingi wakingoja “wajipange”. Wengine huzaa na kulea bila cheti cha ndoa, na mmoja akifariki, aliyebaki hulazimika kuthibitisha kwa jamaa na mahakama kuwa alikuwa mke au mume. Yote haya hutukia ilhali Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inajishughulisha na umri, hiari, mashahidi na usajili. Haidai gauni wala tai.

Tukio la Januari 2017 linatosha kuwa funzo. Wapenzi wawili wa Nairobi, ambao walikuwa wameahirisha harusi yao kwa kukosa fedha, walifunga ndoa kanisani kwa shilingi 100 tu, bei ya pete mbili za chuma. Walivaa nguo zao za kawaida. Picha zao zilienea nchini na nje ya nchi, na wengi wakawasifu kwa ujasiri wao. Kilichofuata ndicho cha kutafakariwa. Wafadhili walijitokeza, na Februari ya mwaka huo huo maarusi hao wakaandaliwa sherehe ya kifahari. Hapana shaka wafadhili walitenda kwa ukarimu, na maarusi walistahili furaha. Lakini ujumbe uliobaki masikioni mwa umma ulikuwa kwamba ndoa ile ya kwanza ilikuwa na pengo lililohitaji kuzibwa. Ndoa ilikuwa imekamilika mbele ya Mungu na mbele ya sheria. Kilichopungua kilikuwa kitambaa.

Huenda mtu akauliza: kama suti si kipimo, kipimo ni kipi? Wakenya hawajawahi kuafikiana. Shindano la kubuni vazi la taifa lilifanywa mwaka 2004, lakini vazi lililotokana nalo halikuota mizizi. Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, aliipiga marufuku bungeni suti ya Kaunda, vazi lililopewa jina la rais wa kwanza wa Zambia na ambalo wakati huo lilikuwa likivaliwa na Rais mwenyewe. Ikiwa vazi la mkuu wa nchi linaweza kukosa urasmi kwa tangazo la siku moja, basi urasmi ni makubaliano ya watu, na yaliyokubaliwa na watu yanaweza kukubaliwa upya.

Jirani zetu wa Uganda wanatoa mfano wa makubaliano yenye busara. Kanzu, iliyofika Buganda katika karne ya 19 kupitia wafanyabiashara waliotoka pwani, huvaliwa leo na Wakristo na Waislamu vile vile katika sherehe ya kwanjula, posa inapopelekwa kwa wakwe. Mwanamume huongeza koti juu yake, na wanawake huvaa gomesi. Ubora wa desturi hii si kwamba kanzu ni ya bei nafuu siku zote, bali ni kwamba kanzu moja humfaa mtu harusi baada ya harusi, mwaka baada ya mwaka, na hakuna anayemwambia kuwa rangi yake imepitwa na wakati. Leso ya pwani na kitenge vingeweza kutufaa kwa njia hiyo, laiti visingegeuzwa kuwa sare ya siku moja.

Yapo mambo yanayoweza kutekelezwa bila kungoja sinodi wala bunge. Kadi ya mwaliko iseme “mavazi nadhifu”, kisha inyamaze. Sare ibaki kwa wasimamizi wachache, na jamaa wengine waje na nguo zao nzuri. Wachungaji na mapadri wayatangaze hayo mimbarini, na harusi za pamoja ambazo baadhi ya makanisa huwaandalia waliokaa pamoja kwa muda mrefu zisigeuzwe kuwa mashindano ya magauni. Kila ushirika unaweza pia kuweka magauni na makoti machache ya kutumiwa na yeyote anayefunga ndoa, bila malipo na bila kuulizwa maswali.

Wapenzi wa Kiswahili wana wajibu wa pekee. Wengi wao huombwa kuandika kadi, kutafsiri matangazo na kusherehesha harusi. Wao ndio wenye uwezo wa kulitenganisha neno stara na neno ufahari mbele ya umati, na kulirudisha neno rasmi mahali pake. Msherehesha anayemsifu bi harusi kwa bei ya gauni lake amechagua upande, hata kama hakukusudia.

Nguo ya kuazima haisitiri matako, na methali hiyo itabaki kuwa kweli maadamu mkopeshaji yupo mlangoni akingoja nguo yake. Lakini nguo iliyo ya ushirika mzima haijaazimwa na mtu. Anayeivaa amevaa iliyo yake, na hana sababu ya kubaki nje.