Parokia itajengwa na jumuiya, si mabunda ya wanasiasa

UAMUZI wa Askofu Mkuu wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi, Philip Anyolo, wa kurejesha mchango wa Rais William Ruto mnamo Novemba 2024 ungali miongoni mwa hatua nzito zaidi zilizowahi kuchukuliwa na kanisa dhidi ya pesa za wanasiasa nchini.

Rais alikuwa amehudhuria misa katika Kanisa Katoliki la Soweto, mtaani Kayole, Jumapili ya Novemba 17. Alitoa Sh600,000 kwa kwaya na kundi jingine la parokia, na Sh2 milioni za kujengea mapadre nyumba. Aliahidi pia Sh3 milioni zaidi pamoja na basi.

Siku iliyofuata, Askofu Mkuu aliandika kwamba pesa hizo zirudishwe kwa waliozitoa, zikiwemo Sh200,000 za Gavana wa Nairobi, Johnson Sakaja. Sababu kuu ilikuwa kwamba kanisa halipaswi kugeuzwa kuwa jukwaa la siasa, na kwamba uhuru wake unahujumiwa na michango ya aina hiyo.

Wakenya wengi walishangilia. Hata hivyo, baada ya vifijo kutulia, swali moja lilibakia bila jibu la wazi. Iwapo mwanasiasa amefungiwa mlango, ni nani atakayejenga nyumba ya padre, kumlipia yatima karo na kumpeleka mgonjwa hospitalini?

Swali hili si la Kayole pekee. Linazihusu parokia zote za Kikatoliki pamoja na makanisa ya madhehebu mengine, mijini na vijijini, hasa wakati huu ambapo macho ya wanasiasa yanaelekea kwenye Uchaguzi Mkuu wa 2027.

Jibu lake halihitaji kutafutwa mbali. Limekuwepo kwa zaidi ya nusu karne katika jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, yaani vikundi vya familia jirani ambazo hukutana kila wiki, aghalabu nyumbani kwa mmoja wao, kusali, kusoma Injili na kusaidiana.

Maaskofu wa Kanda ya Afrika Mashariki, chini ya muungano wao wa AMECEA, walikubaliana katika mkutano wa Nairobi wa 1973 kwamba maisha ya kanisa yajengwe juu ya jumuiya hizi. Mwaka wa 1976, wakiwa Nairobi tena, walizitangaza kuwa nguzo ya kazi yao ya kichungaji, na mnamo 1979 wakautathmini mpango huo mjini Zomba, Malawi.

Lengo lilikuwa kanisa linalojitegemea kwa wahudumu, kwa kueneza imani na kwa fedha. Kwa miaka mingi parokia zilikuwa zimezoea kutegemea wamishonari na wafadhili wa ng'ambo. Maaskofu walitambua kwamba msaada huo usingedumu milele.

Yaliyotokea baadaye ni kwamba mahali pengi mfadhili wa ng'ambo alipoondoka, nafasi yake haikuchukuliwa na muumini. Ilichukuliwa na mwanasiasa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na parokia iliyobadilisha nduguye bila kubadilisha tabia haikuwa imepiga hatua yoyote.

Ni muhimu kufahamu jinsi jumuiya inavyofanya kazi ili thamani yake ionekane. Kila jumuiya huwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na aghalabu hujipa jina la mtakatifu. Wawakilishi wake huingia katika baraza la kigango, na kutoka huko hadi baraza la parokia.

Kwa mpangilio huu, habari za mnyonge husafiri kwa haraka kuliko katika ofisi yoyote ya serikali. Mama mjane asiyeonekana kwa wiki mbili hutembelewa. Mtoto aliyefukuzwa shule kwa kukosa karo hutajwa katika mkutano wa jioni. Mgonjwa asiye na wa kumpikia hupangiwa zamu.

Penye msiba, jumuiya ndiyo hufika kwanza. Waumini hukesha na wafiwa, huomba nao kila jioni, huchanga pesa za jeneza na usafiri, na pale ambapo mwili umezuiliwa kwa sababu ya deni la hospitali, ndio hupita nyumba hadi nyumba kuomba msaada.

Kazi hiyo haina kipaza sauti wala kamera. Mwanasiasa anaweza kutoa Sh2 milioni Jumapili moja na asijue jina la hata mhitaji mmoja katika parokia hiyo. Mwanajumuiya aliyetoa Sh50 anajua mlango wa kubisha.

Historia ya karibuni imethibitisha nguvu ya mtandao huu. Ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, maelfu ya watu walikimbilia viwanja vya makanisa, likiwemo Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu mjini Eldoret, wakitafuta usalama na chakula.

Ni kweli kwamba ukuta wa kanisa pekee haukutosha kuwalinda wote. Mkasa wa Kiambaa wa Januari 1, 2008, ambapo waliokuwa wamejificha ndani ya kanisa walichomwa moto, ungali jeraha la taifa. Lakini palipokuwa na usalama, waumini wa kawaida ndio waliotoa unga, blanketi na sufuria kabla ya misaada mikubwa kufika.

Janga la Covid-19 nalo lilitoa funzo jingine. Makanisa yalipofungwa Machi 2020, bakuli la sadaka liliacha kupitishwa. Yalipofunguliwa Julai mwaka huo, ibada zilifungiwa watu 100 kwa muda usiozidi saa moja, huku watoto na wazee wakiagizwa kubakia nyumbani.

Parokia zilizotegemea umati wa Jumapili pekee zilitikisika. Zile zilizokuwa na jumuiya imara ziliweza kuendelea kufahamu nani amepoteza kazi na nani analala njaa, na kutuma michango kupitia M-Pesa.

Hesabu rahisi inatosha kuonyesha uwezo uliopo. Chukua mfano wa parokia yenye jumuiya 40, kila moja ikiwa na familia 25. Hizo ni familia 1,000. Kila familia ikitoa Sh50 kwa wiki, parokia itakuwa na Sh50,000 kwa wiki, na Sh2.6 milioni kwa mwaka.

Hicho ndicho kiasi kamili ambacho Rais alitoa taslimu pale Soweto kabla ya kuongeza ahadi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hakina mwenye kukidai shukrani siku ya kupiga kura.

Hata hivyo, itakuwa ni kujidanganya kudhani kwamba hesabu ya karatasini hutimia mitaani bila vikwazo.

Kikwazo cha kwanza ni umaskini wa waumini wenyewe. Katika mitaa kama Kayole, familia nyingi huishi kwa kibarua cha kila siku, na Sh50 huweza kuwa ndiyo nauli au unga wa jioni. Wenye ajira nao hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu na asilimia 2.75 kwa bima mpya ya afya iliyoanza Oktoba 2024, mbali na ushuru wa kawaida.

Kikwazo cha pili ni wingi wa michango yenyewe. Kuna zaka, sadaka ya Jumapili, mavuno, mchango wa jimbo, wa seminari, wa ujenzi na wa kumkaribisha mgeni. Kumekuwa na malalamiko ya mara kwa mara kwamba kadi ya zaka imegeuzwa kuwa kigezo cha nani abatizwe na nani azikwe kwa heshima.

Malalamiko hayo hayafai kupuuzwa. Jumuiya inayomwaibisha maskini kwa sababu hana cha kutoa imepoteza maana ya kuwepo kwake, na haina tofauti kubwa na mwanasiasa anayepima watu kwa kura zao. Kutoa ni moyo, si utajiri. Anayeombewa msaada hawezi pia kudaiwa risiti.

Kikwazo cha tatu ni mahudhurio. Katika parokia nyingi, jumuiya zimeachiwa akina mama na wazee. Wanaume huonekana kwa nadra, vijana huziona kama shughuli za wazazi wao, nao wakazi wa mitaa ya kifahari yenye mageti hawapendi kufungulia majirani milango yao.

Na hao ndio wenye uwezo wa kutoa zaidi. Matokeo yake ni kwamba mzigo wa kuwasaidia maskini hubebwa na maskini wenzao, huku mwenye gari kubwa akidondosha noti moja Jumapili na kuondoka bila kumjua jirani yake.

Kikwazo cha nne, na pengine kilicho kizito zaidi, ni uwazi. Muumini anayeombwa aijaze nafasi ya mwanasiasa ana haki ya kujua pesa zake zimeenda wapi. Kuna parokia ambazo taarifa za mapato na matumizi husomwa kanisani na kubandikwa ubaoni. Kuna nyingine ambazo hesabu hubakia siri ya paroko na watu wake wachache.

Kanisa lililomwambia Rais hadharani kwamba pesa zake hazifai haliwezi kuficha hesabu za pesa za kabwela. Likifanya hivyo, litakuwa limeondoa boriti moja na kuacha nyingine.

Wapo wanaoutetea mchango wa mwanasiasa. Hoja yao ni kwamba kiongozi naye ni Mkristo, na kumzuia kutoa ni kumnyima haki yake ya kuabudu. Wengine husema pesa hazina rangi, maadamu zinajenga nyumba ya Mungu.

Hoja hiyo ingekuwa na uzito iwapo kiongozi angetoa jinsi wengine wanavyotoa, ndani ya bahasha na bila hotuba. Kinachopingwa si mkono unaotoa, bali kipaza sauti kinachofuata.

Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ilikuwa tayari imemkataza afisa kutumia cheo chake kushinikiza watu katika harambee. Julai 2024, kufuatia maandamano ya vijana wa Gen Z, Rais Ruto mwenyewe alitangaza kwamba maafisa wa serikali hawataruhusiwa kushiriki michango ya umma. Miezi minne baadaye alikuwa Kayole.

Mnamo Machi 2025, aliahidi Sh20 milioni kwa kanisa la Jesus Winner Ministry huko Roysambu. Jumapili iliyofuata vijana waliandamana karibu na kanisa hilo, na polisi wakawarushia vitoza machozi. Ni dhahiri kwamba marufuku inayotegemea hiari ya anayepigwa marufuku haiwezi kufua dafu.

Aidha, kuna jambo ambalo halikupewa uzito unaostahili katika mjadala huo. Katika taarifa yao ya Novemba 14, 2024, siku tatu kabla ya ibada ya Soweto, maaskofu Wakatoliki walilalamikia, pamoja na mambo mengine, madeni ambayo bima ya zamani ya NHIF ilikuwa haijalipa hospitali za kanisa.

Kwa maneno mengine, serikali inayodaiwa na hospitali za misheni inatibu deni lake polepole, ilhali viongozi wake wana haraka ya kutoa mabunda madhabahuni. Malipo ya deni halali yangemfaa mgonjwa maskini kuliko basi la parokia. Lakini kulipa deni hakupigiwi makofi.

Kanisa la Kianglikana nalo lilishaona hatari hii. Septemba 2021, katika ibada ya kumweka wakfu Rose Okeno kuwa Askofu wa Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwazuia wanasiasa kuhutubu. Walikaribishwa kama waumini, wakaketi na kusikiliza. Misimamo ya Butere na Soweto, japo ya madhehebu mawili na ya miaka tofauti, inashabihiana.

Ila msimamo wa askofu mkuu unaweza tu kufunga mlango wa mbele. Mlango wa nyuma hufungwa na paroko, baraza la parokia na mwanajumuiya wa kawaida, ambao ndio hupokea simu ya mbunge akiuliza mnahitaji nini Jumapili ijayo.

Ili waweze kukataa, sharti wawe na kitu mkononi. Hatua ya kwanza ni kupunguza utitiri wa michango na kuifanya michache, ya hiari na inayoeleweka. Ya pili ni kusoma hesabu hadharani kila baada ya muda uliokubaliwa. Ya tatu ni kutenga sehemu maalumu ya mapato kwa ajili ya wahitaji, isiyoguswa hata paa likivuja.

Hatua ya nne ni kuwavuta vijana na wenye nafasi warudi katika jumuiya. Kampeni ya Kwaresima inayoandaliwa kila mwaka na Tume ya Haki na Amani ya maaskofu imekuwa ikiwapa wanajumuiya mada za kitaifa za kujadili, kutoka ufisadi hadi ardhi. Vijana walioonyesha mnamo Juni 2024 kwamba wanayafuatilia mambo hayo kwa makini hawakosi la kusema humo. Wanachokosa ni kualikwa na kusikilizwa.

Parokia nyingine huenda zikalazimika kukubali kujenga polepole. Nyumba ya padre iliyochukua miaka mitatu kukamilika kwa sarafu za waumini ina faida moja ambayo ile ya mwezi mmoja haina. Padre anayelala ndani yake anaweza kuamka Jumapili na kuhubiri lolote ambalo dhamiri yake inamtuma.

Wanasiasa watarejea, na kadiri 2027 inavyokaribia ndivyo bahasha zitakavyonenepa. Kila parokia itakayozirudisha itahitaji kwanza kuwa imekubaliana, jumuiya kwa jumuiya, ni nani atakayemlipia yatima karo muhula ujao.