Kafara ya Wuppertal Katika Mchanga wa Senegal

Wapo wasemao kwamba Mwafrika achezapo ngoma iliyotungwa Ulaya amerudia kasumba aliyokwisha kuitupa. Hoja hiyo haifai kudharauliwa, lakini na ipimwe kwa yaliyotendeka Senegal.

Mwaka 1975, huko Wuppertal, Ujerumani, Pina Bausch aliutungia muziki wa Stravinsky, Le Sacre du printemps, ngoma ya kutisha. Jukwaa hufunikwa udongo. Wasichana hupokezana vazi jekundu kwa hofu, mpaka mmoja achaguliwe kuwa kafara, naye hucheza hadi kufa. Bausch alifariki mwaka 2009. Ngoma ya namna hii haitoshi kuandikwa. Hukaa miilini mwa waliowahi kuicheza. Kwa njia hiyo waliipokea wachezaji zaidi ya 30 kutoka nchi 14 za Afrika, katika chuo cha Germaine Acogny, École des Sables, kijijini Toubab Dialaw. Machi 2020 korona ilifuta onyesho la Dakar. Wakaicheza ufukweni, mbele ya kamera.

Aitazamaye filamu ile haoni waigaji. Hofu ile ni yao wenyewe. Upungufu uko kwingine: ngoma ya Bausch ina taasisi yake Ujerumani, yenye kumbukumbu na walimu. Ni ngoma ngapi za Afrika, zenye majonzi mazito kuliko hayo, zilizopata ulinzi kama huo? Wenye dhamana ya utamaduni na waanzie hapo, kabla ya kumlaumu kijana aliyekwenda kujifunza kwa waliohifadhi.