Moyo Hautibiwi Upanga Pekee

Kabla ya mwaka 2008, Mtanzania aliyehitaji upasuaji wa kufungua kifua alikuwa na njia mbili: kupata rufaa ya kwenda nje ya nchi, kama vile India, au kusubiri siku yake. Mwaka huo upasuaji huo ulianza kufanyika Muhimbili, na mwaka 2015 Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ikasimama kama taasisi inayojitegemea. Leo madaktari wetu wenyewe huziba matundu ya moyo, hubadilisha valvu na kuzibua mishipa kwa tundu dogo bila kupasua kifua, na wagonjwa huja kutoka nchi jirani, Comoro ikiwemo. Asiyeliona hili kuwa ni maendeleo ana chuki binafsi.

Hata hivyo, naandika haya nikiwa Kiwangwa, kata ya mananasi katika Halmashauri ya Chalinze, nyumbani kwa Rais mstaafu ambaye taasisi hiyo imepewa jina lake. Nikiitazama Upanga kutoka hapa, swali langu hubadilika. Siulizi tena kama tunaweza kupasua moyo. Nauliza nani anafika kwenye meza ya upasuaji, na nini kinampata akisharudi kijijini.

Tuanze na anayefika. Wengi wa vijana wanaobadilishiwa valvu katika nchi zetu hawakuzaliwa na moyo mbovu. Waliugua koo utotoni, vijidudu havikutibiwa, mwili ukajishambulia wenyewe na valvu zikaharibika polepole. Dawa ya kuzuia msiba huo ni penisilini, dawa kongwe na ya bei nafuu. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu ugonjwa huu, kwa sababu nchi tajiri zimekaribia kuusahau ilhali sisi bado tunazika. Kwa hiyo kila valvu ya bandia inayowekwa Upanga kwa sababu hiyo ni ushahidi wa koo ambalo halikutibiwa katika zahanati fulani. Tunampongeza daktari bingwa kwa haki. Je, nani anaulizwa kuhusu zahanati?

Sasa tumfuate anayerudi. Mwenye valvu ya chuma hutumia dawa ya kuzuia damu kuganda, warfarini, maisha yake yote. Ikipungua, damu huganda kwenye valvu na kumletea kiharusi. Ikizidi, humwaga damu. Hivyo hana budi kupimwa damu mara kwa mara. Akiwa msichana, lazima ashauriwe kabla ya kubeba mimba, maana dawa hiyo yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ikiwa kipimo hicho hakipatikani karibu, mkulima wa Kiwangwa atalipa nauli ya Dar es Salaam msimu wa mananasi ukiwepo, na msimu ukiisha atakaa nyumbani. Upasuaji uliofanikiwa huweza kushindwa kwa kukosa nauli.

Najua nitajibiwa kwamba mabingwa sasa huzifuata jamii mikoani kwa huduma ya tiba mkoba. Ni jambo jema mno. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huondoka, na mgonjwa wa moyo huhitaji mwenyeji: mganga wa kituo anayelijua jina lake, kadi yake na tarehe ya kipimo chake.

Bima nayo ina neno hapa. Machi 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulisitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja katika Toto Afya Kadi na kuelekeza watoto wasajiliwe kupitia shule. Mtoto aliyezaliwa na tundu kwenye moyo hasubiri kuanza shule. Wengine huhitaji upasuaji kabla hawajatembea. Mpango ulirejeshwa baadaye, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka huohuo wa 2023. Hata hivyo somo limebaki: uamuzi wa ofisini unaweza kufunga mlango ambao daktari ameufungua.

Hoja yangu, basi, ni kwamba maendeleo ya tiba ya moyo yapimwe kuanzia kijijini. Watumishi wa halmashauri wahakikishe penisilini haikosekani zahanati na kipimo cha kuganda kwa damu kinapatikana katika hospitali ya wilaya. Watoto wachanga wapimwe oksijeni kabla ya kutoka wodini. Kifaa chake ni kidogo kama kibanio cha nguo. Wanaharakati waulize mambo haya bajeti inapojadiliwa. Nanyi wanafunzi wa udaktari mnaoota ubingwa, oteni. Ila jueni kwamba kazi ya bingwa hudumu kadiri zahanati inavyoilinda.

Upasuaji ni wa saa chache. Miaka inayofuata mgonjwa huishi huku kwetu.