Kigari Kikigonga Gari, Nani Alipe?



Penye maegesho ya maduka makubwa, Lubumbashi na kwingineko, huwekwa tangazo la kusema kwamba duka haliwajibiki kwa madhara yatakayolipata gari la mteja. Mwenye gari akirudi na kukuta mlango umebonyezwa na kigari cha kubebea bidhaa, hulitazama tangazo hilo, huguna, kisha huenda zake. Bima ya lazima haimsaidii, kwa kuwa hiyo hulipa madhara ambayo gari limewatendea wengine. Kwa mwenye teksi alishaye jamaa yake kwa gari hilo, kunyoosha na kupaka rangi mlango mmoja ni mzigo mzito. Basi yafaa tuulize kwa utulivu: nani apaswa kulipa?

Kwanza tukumbuke asili ya kifaa chenyewe. Mwaka 1937, huko Oklahoma City nchini Marekani, mfanyabiashara Sylvan Goldman aliwapa wateja wake vikapu vyenye magurudumu, ili wanunue vingi kuliko vile mkono uwezavyo kubeba. Mteja alipata nafuu, na duka likapata faida. Hata leo ni hivyo. Avunaye faida ya chombo hawezi kuwaachia wengine hasara yake yote.

Sheria yetu haiko kimya. Kitabu cha Tatu cha Kanuni ya Raia ya Kongo, kilichotokana na dekreti ya 30 Julai 1888, chaeleza jambo hili katika vifungu 258 hadi 260. Aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake hana budi kufidia. Vivyo hivyo aliyemdhuru kwa uzembe au kwa kutojihadhari. Tena mtu huwajibika kwa madhara yaliyotendwa na wale anaowasimamia, na kwa vitu vilivyo chini ya ulinzi wake.

Hapo ndipo penye fundo: kigari ki chini ya ulinzi wa nani? Mwaka 1941 mahakama kuu ya Ufaransa, Korti ya Kasasyo, iliamua shauri la gari lililoibwa kwa tabibu mmoja, kisha likaua mtu. Mahakimu walisema kwamba mlinzi wa kitu ni yule mwenye kukitumia, kukiongoza na kukitawala. Hivyo tabibu aliyeibiwa hakuwa tena mlinzi wa gari lake. Hukumu hiyo haiwafungi mahakimu wa Kongo, lakini hoja yake yatuangazia njia.

Kwa hoja hiyo, mteja asukumaye kigari na kugonga gari la jirani ndiye wa kulipa. Si haki kumtwika mwenye duka kosa la mwingine. Mfanyakazi wa duka akikusanya safu ya vigari na kukwaruza gari, duka hulipa kwa kuwa yeye yu kazini mwake. Lakini kigari kilichoachwa kwenye mteremko, kikasukumwa na upepo, je? Mteja amekwisha kwenda. Aliyebaki na uwezo wa kukikusanya ni duka, na ni duka lililopachagua mahali pale na kujua tangu zamani kwamba wateja huviacha ovyo. Kwa maoni yetu, ulinzi umekwisha kurudi kwake.

Wenye maduka watajibu kwamba hawawezi kumfuata kila mteja. Ni kweli, wala hakuna awatakaye hivyo. Wanaombwa yale yawezekanayo: uwanja uliosawazishwa, mahali palipozungushiwa vyuma pa kurudishia vigari, mtu wa kuvikusanya, au kufuli ya sarafu itumikayo Ulaya, ambayo humrudishia mteja sarafu yake akikirejesha kigari. Duka lililotimiza hayo lina la kujitetea mbele ya hakimu. Lisilotimiza hata moja, likaweka tangazo tu, limetaka kujisamehe kabla ya kukosa.

Tazameni jinsi tuwatendeavyo wadogo. Msukuma chukudu wa Goma akikwaruza gari, watu humzunguka papo hapo wakidai malipo, hata akibidi kuacha mzigo wake. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mwenye chukudu akilipa na mwenye duka asilipe, hapo nguvu imechukua nafasi ya haki. Vibaya zaidi ni pale duka linapokubali kulipa, kisha likakata fedha hizo katika mshahara wa kijana anayelinda magari, ambaye hakuchagua mteremko wala hakunyimwa kufuli kwa uamuzi wake.

Mwenye gari naye ana wajibu. Adaiye ndiye athibitishaye. Apige picha kabla ya kuondoa gari, aite shahidi, amwambie msimamizi palepale, wala asilete makovu ya zamani yalipwe pamoja na jipya. Akiwa ameegesha penye njia ya vigari, akubali kupunguziwa fidia.

Tunawasihi wenye maduka waweke daftari la ajali mlangoni, waandike kila madai mbele ya mdai, na wajibu kwa maandishi. Kazi hiyo ni ya gharama ndogo, nayo itawaepusha wengi na safari ya tribunali kwa ajili ya mlango mmoja wa gari.