Kozi ya Afya Chuoni: Piga Hesabu Mpaka Mshahara wa Kwanza

Mtoto akisema anataka kusomea fiziotherapia, maabara, eksirei, lishe au ukliniki, majirani watakuambia hapo kazi haikosi. Sisi tunasema hivi: kabla hujauza ng'ombe, piga hesabu yote. Usiangalie karo ya muhula wa kwanza peke yake.

Tuchukue mfano tu. Digrii ya miaka 4, karo Sh180,000 kwa mwaka, ni Sh720,000. Ongeza nyumba na chakula, Sh10,000 kwa mwezi kwa miezi 9 kila mwaka: Sh360,000. Jumla Sh1,080,000. Akiajiriwa na kuweka kando Sh15,000 kila mwezi, pesa hizo zitarudi baada ya miezi 72, yaani miaka 6.

Sasa tuseme ni diploma ya miaka 3, karo Sh100,000 kwa mwaka, matumizi ni yale yale. Jumla Sh570,000. Hata akiweka kando Sh10,000 pekee kwa mwezi, ni miezi 57. Tena ameanza kutafuta kazi mwaka mzima mapema.

Hatusemi digrii ni hasara. Serikalini, mwenye digrii huanzia ngazi ya juu kuliko wa diploma. Lakini wa diploma anaweza kurudi chuoni baadaye akijilipia kwa mshahara wake. Kwa familia isiyo na akiba, sisi tungeanzia hapo.

Kinachosahaulika ni kile kipindi cha katikati. Maafisa wa kliniki hufanya intanshipu kwanza. Halafu kuna usajili na leseni ya bodi au baraza la taaluma, na leseni hulipiwa upya. Tangu 2013, hospitali nyingi za umma ziko chini ya kaunti, kwa hivyo kuajiriwa kunategemea bajeti ya kaunti. Wahudumu wa UHC walioajiriwa kwa kandarasi mwaka wa 2020 wameshaingia barabarani kudai ajira ya kudumu. Kwa hivyo, panga pesa za angalau mwaka mmoja bila mshahara.

Kama alichukua mkopo wa HELB, kuna riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na anayekosa kulipa hupigwa faini ya Sh5,000 kila mwezi. Kama bado hana kazi, azungumze nao mapema, asijifiche.

Kabla ya kutuma pesa, uliza chuo mambo matatu:

1. Je, kozi imeidhinishwa na bodi ya taaluma hiyo? Bila hiyo, huenda asipate leseni.
2. Gharama yote ni ngapi, pamoja na mitihani na mazoezi ya hospitalini?
3. Waliomaliza miaka miwili iliyopita wako wapi sasa?

Na anza akiba leo kwenye simu. Sh100 kwa siku kwa miaka 4 ni Sh146,000. Ukilipa karo, soma jina linalotokea, hakikisha ni la chuo, kabla ya kukamilisha malipo.