Nambari Kubwa si Mwendo Mkubwa



Wazazi wenzetu, juma hili tunaingia katika jambo ambalo wengi wetu huwaachia vijana na wauzaji waliamue: kompyuta ya nyumbani, na fedha tunazoombwa ili iongezewe mwendo mtoto apate kucheza. Tumesukumwa na yaliyotukuta Keroka, mpakani mwa Kisii na Nyamira, tulikokwenda kwa arusi ya jamaa tukashukia kwa binamu yetu aliyeolewa huko zamani.

Binamu yetu huuza mahamri na viazi karai. Zamu yake katika chama cha akina mama ilikuwa imefika, naye alikuwa na shilingi 18,000 mkononi. Mwanawe, aliye katika miaka ya mwisho ya sekondari, alikuwa na mazoea ya kwenda kwenye kibanda cha michezo ya kompyuta, akilipia kila mchezo, na kurudi baada ya Magharibi, aghalabu amelowa, kwani mvua ya milima ile haichelewi. Mama mtu alitaka jambo moja tu: kijana achezee nyumbani, mbele ya macho yake.

Kompyuta walikuwa nayo: Dell OptiPlex 7010, ya kasha jembamba, iliyotumika ofisini ng'ambo kabla ya kuingia nchini. Lakini mchezo wa mpira alioupenda kijana, PES 2021, ulikuwa ukikwama kila mara. Muuzaji mmoja akamwambia ailete hiyo, aongeze 18,000, apewe laptopu yenye prosesa ya i7.

"Shangazi," kijana alituambia, "yetu ni i5. Saba si kubwa kuliko tano?"

Hatukumcheka. Miaka michache iliyopita nasi tulivutwa na kibandiko hichohicho, tukamnunulia mtoto wetu laptopu ya i7 kwa akiba ya mwaka mzima, ikawa nzito kuliko ile tuliyoiuza. Kosa lilikuwa letu: hatukuuliza ni i7 ya kizazi gani, wala ina nini ndani. Basi tuliketi na kijana, tukaandika mashine zote mbili kwenye karatasi.

Jambo la kwanza ni gigahezi. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, na gigahezi ni kipimo cha mapigo yake: gigahezi moja ni mapigo bilioni moja kwa sekunde. Mtu hudhani mapigo mengi ndiyo mwendo mkubwa, lakini inategemea kila pigo linafanya kazi kiasi gani. Mwaka 2004 Intel iliuza Pentium 4 yenye gigahezi 3.8. Mwaka 2006 ikatoa Core 2 Duo E6600 yenye gigahezi 2.4 tu, nayo ikaishinda ile ya kwanza kwa mbali. Kwa hiyo gigahezi zafaa kulinganisha prosesa za ukoo mmoja na kizazi kimoja. Nje ya hapo, zinapoteza.

Jambo la pili ni viini. Ndani ya prosesa mna viini, na kila kiini ni kama mpishi katika jiko la arusi. Wapishi wanne hupika sufuria nne kwa wakati mmoja. Wapishi wawili, hata wawe hodari, zitawalemea. Michezo ya miaka ya karibuni hugawa kazi yake kwa viini vinne au zaidi.

Jambo la tatu ni herufi na tarakimu zinazofuata baada ya i5 au i7. Tarakimu ya kwanza katika nambari za tarakimu nne huonyesha kizazi: 3470 ni cha tatu, 4600 ni cha nne, 8250 ni cha nane. Herufi U mwishoni huwa ni ya prosesa ya laptopu iliyoundwa itumie umeme kidogo na isipate joto jingi.

Tukalinganisha. Kompyuta ya binamu yetu ilikuwa na i5-3470: viini vinne, gigahezi 3.2, hupanda hadi 3.6. Laptopu iliyosifiwa ilikuwa na i7-4600U: viini viwili, gigahezi 2.1, hupanda hadi 3.3. Kijana alitazama karatasi kwa muda, kisha akasema, "Kwa hiyo tungelipa ili turudi nyuma." Ndivyo. Tena prosesa za U hukazwa moja kwa moja kwenye ubao, hazibadilishwi. Kosa la siku hiyo lingedumu muda wote wa maisha ya mashine.

Kijana hakukata tamaa. Alikuwa amesoma kwamba watengenezaji wa PES 2021 hutaja i5-3470 kuwa kima cha chini, na i7-3770 kuwa ndiyo inayopendekezwa. Hiyo ya pili huingia katika kompyuta yao bila kubadili ubao. Kwa nini wasiinunue? Hili lilikuwa swali la maana, nasi tukampa hesabu yake. Zote mbili zina viini vinne. Moja ina gigahezi 3.2, nyingine 3.4, tofauti ni kama asilimia sita. Hiyo ya i7 huweza kushughulikia nyuzi nane za kazi badala ya nne, na hilo humsaidia mwenye kuhariri video kuliko mwenye kucheza mpira. Si kitu kibaya, ila sicho kilichokuwa kikiukwamisha mchezo wao.

Basi ni nini? Wazazi, hapa ndipo penye faida, kwani majaribio haya mawili hayagharimu hata senti. Mchezo ukiwa unaendelea, bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha linaloonyesha ni kiasi gani cha prosesa na cha kumbukumbu kinachotumika. Kwa binamu yetu, prosesa haikuwa imeelemewa, lakini kumbukumbu ilikuwa imejaa pomoni. Kumbukumbu, ambayo mafundi huiita RAM, ni meza ya kuandalia. Ikijaa, wapishi husimama wakingoja nafasi. Wao walikuwa na gigabaiti 4, na mchezo wenyewe wataka 8.

Jaribio la pili: tuliingia katika mipangilio ya mchezo tukapunguza ukubwa wa picha. Mara ukawa mwepesi. Kupunguza picha hakumpunguzii prosesa mzigo mkubwa. Humpunguzia mchoraji wa picha. Kompyuta ile haikuwa na kadi ya picha, ikitegemea uchoraji mdogo uliomo ndani ya prosesa, nao ulitosha kwa barua na hesabu za ofisi. Tukajua kwamba vinavyokwamisha ni viwili, kumbukumbu na picha. Ubongo ulikuwa mzima.

Kwa fedha zile tulishauri vitu vitatu, kwa mpangilio huu. Kwanza, kijiti cha pili cha kumbukumbu cha gigabaiti 4, aina ya DDR3 ya kompyuta ya mezani. Cha laptopu hakiingii. Vijiti viwili vinavyofanana hufanya kazi sambamba, na mashine huhisi wepesi. Pili, kadi ya picha iliyotumika ya GTX 1050 Ti, ile fupi iliyotengenezwa kwa makasha membamba. Kadi ya aina hii hutumia wati 75, nazo ndizo ambazo tundu la ubao laweza kutoa. Yanayohitaji waya wa ziada wa umeme hayafai, kwani kasha lile lina umeme wa wati 240 kwa mashine nzima. Tatu, diski ya SSD. Hii haiongezi wepesi wa mpira wenyewe, lakini kompyuta huwaka upesi na mchezo hufunguka upesi, na mtoto akiwa na kazi ya shule hasubiri. Fundi wa Kisii alipopiga hesabu, vyote viliingia katika fedha zile. Zingepungua, tungeiacha diski.

Kuna tahadhari nne. Ya kwanza: jina moja laweza kubeba vitu viwili. Iko kadi ya bei nafuu iitwayo GT 1030, iliyotoka 2017 na kumbukumbu ya GDDR5; mwaka uliofuata ikatoka nyingine ya jina hilohilo yenye DDR4, nayo ni dhaifu sana. Anayenunua asome herufi hizo kabla ya kutoa fedha. Ya pili: usilipe kabla ya kuona kifaa kikifanya kazi. Waombe wakiwashe, mchezo uchezwe robo saa, kisha wakupe risiti yenye jina kamili la kifaa na muda wa dhamana. Ya tatu ni ya Kisii na Nyamira hasa: nyanda zile zina radi nyingi. Kizuia mruko wa umeme chasaidia, lakini ngurumo zikianza, la salama ni kuchomoa waya ukutani.

Ya nne ni ukomo. Prosesa ya kizazi cha tatu ina mwisho wake. Mchezo wa EA Sports FC 24 hutaja i5-6600K na gigabaiti 8 kuwa kima cha chini, na mashine ya binamu yetu haifiki. Vilevile Microsoft iliacha kuitolea Windows 10 masahihisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel huanzia kizazi cha nane. Basi tulimshauri asiitumie mashine ile kwa mambo ya benki. Na anayeanza leo bila kompyuta yoyote, akiweza, atafute ya kizazi cha nane kwenda juu. Hata kwa laptopu, i5-8250U ina viini vinne, mara mbili ya i7 ile aliyotaka kuuziwa kijana.

Fundi alimaliza kazi siku ya pili, mchezo ukaenda bila kukwama. Mama mtu aliweka sharti lake mbele yetu: kompyuta inakaa ukumbini, si chumbani, inazimwa adhana ikisikika, na kazi za shule hutangulia. Kijana aliitikia. Usiku ule mvua ilinyesha, ngurumo ikapiga mbali, naye akainuka katikati ya mchezo akachomoa waya bila kuambiwa.

Mzazi mwenye mashine inayokwama asikimbilie dukani. Naafanye kwanza majaribio yale mawili, aandike jina kamili la prosesa yake na kiasi cha kumbukumbu, kisha ndipo aulize bei. Na muuzaji akimtajia i7, yatosha amjibu kwa swali moja: ya kizazi gani, na ina viini vingapi?

Wabillahi tawfiq.