Kasongo na Kabambare: Mwenye duka aulize wateja kabla ya kupanua duka

Maduka mengi ya mitaani huko Kasongo na Kabambare yako namna moja: meza mbele, bidhaa nyuma, muuzaji mmoja katikati. Familia zinapokimbia vita na kupokelewa na jamaa, duka lile lile linajaa. Watu wanasukumana mlangoni, mama mwenye mtoto mgongoni anapitwa, na mwisho anarudi nyumbani bila chumvi wala sabuni.

Wenye maduka husema dawa ni kujenga duka kubwa. Lakini simenti ni ya bei, na barabara za Maniema zinajulikana. Kabla ya kununua hata tofali moja, inafaa kujua ni kitu gani hasa kinachokawiza watu. Mwenye duka hawezi kulijua hilo akiwa amekaa nyuma ya meza.

Kazi hiyo haiombi kompyuta. Kijana mmoja akae na daftari siku tatu, pamoja na siku ya soko. Aandike saa ambayo watu wanafika kwa wingi, wanachonunua, muda wanaongoja, na idadi ya wanaoondoka mikono mitupu. Hao wa mwisho ndio wa kuulizwa zaidi. Aliyefika kwenye meza atasifu duka. Aliyekata tamaa mlangoni ndiye anayejua kasoro yake. Aulizwe kwa heshima, mwenye duka asiwepo, na kwa lugha aliyoizoea: aliyetoka upande wa Fizi pengine kwa Kibembe, mwenyeji wa Kabambare pengine kwa Kibangubangu.

Huenda ikaonekana kwamba kinachokawiza ni kupima chumvi na sukari kopo kwa kopo. Basi ifungwe katika vifuko tangu asubuhi. Huenda ni kukosa feranga ndogo za kurudishia. Basi zitafutwe jana yake. Huenda wazee na wajawazito wanaogopa kusukumwa. Basi kamba mbili zitengeneze mstari. Baada ya wiki, kijana ahesabu tena, ili ijulikane kama mabadiliko yamesaidia.

Mashirika ya misaada yamekwisha kujifunza jambo hilo. Mpango wa RRMP, ulioanza 2004 mashariki mwa Kongo chini ya UNICEF na OCHA, uligawia familia zilizohama vifaa vya nyumbani. Baadaye zikaletwa kuponi na masoko maalum, ambako familia yenyewe inachagua sufuria, kikwembe au blanketi. Maana familia iliyokimbia na sufuria yake haihitaji nyingine. Hata hivyo, masoko hayo nayo hujaza watu kwa siku moja, na waandalizi wake wanapaswa kuwauliza waliosimama juani.

Wengine watasema: aliyekimbia vita hana feranga, ya nini kumuuliza? Lakini anayelima kibarua katika mashamba ya wenyeji ananunua kidogo kidogo, leo chumvi, kesho mafuta. Ndiyo maana anarudi dukani mara nyingi kuliko wengine, na anajua mstari vizuri kuliko wote.

Tena wenyeji wakianza kusema kwamba ni wageni wanaojaza duka, chuki inaanzia pale pale mlangoni. Mwenye duka anayeuliza wote sawasawa na kumhudumia kila mmoja kwa zamu yake anauza zaidi, na tena anasaidia majirani kukaa pamoja kwa amani.